Pikapu F-250 ya bodi fupi, tela la pauni 12,300: nifunge kiungio gani?

MtotoWaPangani (Fort Worth, Texas)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana nimebakiwa na siku 9 tu za kufanya uamuzi.

Mke wangu ni nesi. Mwezi ujao anaanza kazi za mikataba ya wiki 13, leo mji huu, kesho mji mwingine, pengine hata jimbo jingine. Tulikaa tukapiga hesabu ya kupanga nyumba mpya kila baada ya miezi mitatu, tukaona hatutafika. Watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6, tutawasomesha wenyewe mwaka huu. Kwa hiyo tumeamua kununua karavani, zile kubwa ambazo pua yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kukalia chuma cha katikati, kile ambacho Wamarekani wanakiita gurudumu la tano. Mimi hapa nitakiita kiungio ili tuelewane.

Pikapu ninayo tayari. Ni Ford F-250 ya 2018, dizeli, milango minne, bodi fupi ya futi 6 na robo tatu. Kwenye sakafu ya bodi ina yale matundu manne ya kiwandani na moja la katikati. Tela nililolipenda lina urefu wa futi 32. Bamba lake linasema uzito wa juu kabisa ni pauni 12,300. Likiwa tupu, uzito unaokalia pikapu umeandikwa 1,780. Nimeshatoa arubuni ya dola 500, nayo nitarudishiwa nikighairi kabla ya siku hizo 9.

Muuzaji anataka kunifungia kiungio cha uwezo wa pauni 16,000 kwa dola 1,450, kazi na vifaa. Anasema atatoboa sakafu afunge reli. Nilipomuuliza habari ya matundu ya kiwandani, akasema reli ndiyo imara zaidi. Sasa naomba mnijibu: nichukue kiungio kisichosogea au kile cha kuteleza nyuma? Reli au matundu? Na hiyo 16,000 inatosha, au niende 20,000 nilale usingizi?

Sijawahi kuvuta kitu kizito kuliko boti ya shemeji yangu. Nyuma watakuwa wamekaa wanangu, ndiyo maana nauliza kila kitu.

AbuuWaKisauni (Minneapolis)

Salaam aleikum. Mimi huu ni mwaka wa tatu natumia Andersen, kiungio cha alumini. Ina kama pauni 35 tu, naiinua peke yangu, naiweka gereji siku nikitaka kubeba mbao. Haina taya za kukamata pini ya tela. Kuna tufe la chuma kwenye bodi, na chini ya pua ya tela unafunga kikombe kinachokishika kingipini, yaani ile pini nene ya chuma ya tela, halafu kikombe kinashuka juu ya tufe. Kimya kabisa barabarani, hakuna ile gongagonga ukishika breki.

Ila pikapu yangu ni ya daraja la tani moja, lililo juu ya F-250 yako, na bodi yake ni ndefu, kwa hivyo habari ya kona sina la kukwambia. Na kabla ya kununua, mpigie mwenye kutengeneza chasisi ya tela lako umuulize kama dhamana inabaki ukifunga kikombe hicho. Mimi niliuliza kwanza, nikajibiwa kwa maandishi, barua nimeiweka.

TingoWaTunduma (Columbus, Ohio)

Mwanangu wa Pangani, karibu sana. Nimelisoma swali lako mara mbili. Unauliza kiungio, lakini mimi naona kuna jambo jingine limesimama mbele ya kiungio. Nivumilie, nitakuwa mrefu.

Nilianza kazi hii kama utingo mwaka 1994, njia ya Dar hadi Tunduma, baadaye tukivuka hadi Lubumbashi. Leo ni mwaka wa 11 naendesha malori hapa Marekani, na kila kiangazi mimi na mama watoto tunavuta karavani yetu ya aina hiyo hiyo. Kitu unachotaka kukifunga nakijua kwa mikono. Kile kingipini chini ya pua ya tela lako kina unene wa inchi 2, kama kile kilicho chini ya semi zinazotoka na makontena bandarini Dar. Kazi ni ile ile. Hata jina la gurudumu la tano lilianzia kwenye magari ya farasi: magurudumu manne chini, na duara la tano limelala juu ya ekseli ya mbele ili igeuke.

Sasa nenda kwenye pikapu. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna stika yenye mpaka wa manjano. Inasema uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi kiasi fulani. Nisomee namba hiyo hapa. Namba ya kwenye kijitabu haitusaidii, wala ile aliyokutajia muuzaji, wala ya pikapu ya jirani hata kama ni F-250 kama yako. Kila gari lina yake, kwa sababu injini ya dizeli, viti vya ngozi na kila kitu kilichoongezwa kiwandani kimeshapunguzwa humo.

Halafu piga hesabu hivi. Tela la gurudumu la tano huliegemezea gari kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Mimi hutumia 20. Na usishike ile 1,780 ya tela tupu, kwa sababu hakuna anayeishi kwenye tela tupu. Mtajaza maji, mtatia gesi, betri, vyombo, nguo, mchele wa miezi miwili. Na chumba cha kulala kipo juu ya pua, kwa hiyo kabati lenu la nguo lote litakalia kingipini. Chukua 12,300, asilimia 20 ni 2,460. Ongeza kiungio chenyewe. Vingi vya chuma vinapita pauni 100, vya kuteleza huweza kuvuka 200. Ongeza wewe, mkeo, watoto, sanduku la spana. Jumla hiyo ndiyo inayopimwa na stika.

Ile 16,000 aliyokutajia muuzaji ni uwezo wa chuma chake tu. Chuma hicho hakiiongezei pikapu yako hata pauni moja. Kwa tela la 12,300, kiungio cha 16,000 kinatosha. Soma pia namba ya pili kwenye bamba lake, ya uzito unaokikalia, maana wengi wanasoma ya kuvuta tu. Ukienda 20,000 unabeba chuma kizito zaidi, na uzito huo unaulipa kwenye stika.

Kuhusu reli: usikubali kutoboa. Ford wamekuwekea matundu manne yaliyoshika moja kwa moja kwenye chasisi, yamepangwa mahali panapostahili, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Vipo viungio vinavyoingia humo kwa kuzungusha mikono minne, bila bolti, dakika tano umemaliza. Kampuni ya B&W wana Companion ya namna hiyo, na ipo nyingine yao inayoingia kwenye tundu la katikati. Wapo na wengine. Reli ni nzuri kwa pikapu isiyo na matundu, na hata hapo ifungwe na vishikio vilivyotengenezwa kwa chasisi ya gari hilo. Fundi anayetaka kutoboa au kuchomelea chasisi mwage.

Sasa bodi fupi. Chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya kiungio kitakapokaa hadi ukuta wa nyuma wa kabini. Kisha pima upana wa tela na uugawe kwa mbili. Matela mengi ya hapa ni inchi 96 hadi 102, kwa hiyo nusu yake ni 48 hadi 51. Ukikata kona ya nyuzi 90, pembe ya tela inasogea kuelekea kabini kwa kiasi cha nusu hiyo. Kama kipimo cha kwanza ni kidogo kuliko cha pili, pembe itaingia kwenye kioo cha nyuma. Matela mapya mengine yamekatwa mviringo kwenye pembe na yanapona, lakini usiliamini neno "linageuka" mpaka ulione linageuka polepole uwanjani, mtu akiwa amesimama pembeni.

Jambo la mwisho, na hili naomba ulishike kuliko yote. Nikiwa utingo, usiku mmoja pale Chalinze dereva wangu alirudi nyuma kulichukua tela. Akasikia "kang!", akajua limeshika. Alikuwa na haraka. Hakushuka, na mimi sikushuka. Nilikunja miguu ya tela nikaruka ndani. Hatukufika hata mita 30. Tela lililala na pua yake chini kwenye lami, mabomba ya breki yamekatika, na kontena likaegemea upande ambao dakika mbili kabla alikuwa amekaa mama muuza chai. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Kingipini kilikuwa kimepanda juu ya taya badala ya kuingia ndani yake. Ule mlio ulikuwa wa chuma kugonga chuma, hakuna kilichofunga.

Tangu siku hiyo nashuka na tochi. Unapiga magoti nyuma ya bodi, unamulika kati ya sahani ya kiungio na pua ya tela. Pasiwe na mwanga unaopita hapo katikati. Sahani na pua ziwe zimelaliana. Kisha mulika ndani ya tundu. Uione shingo ya kingipini, na uione taya imeizunguka kwa nyuma. Mkono wa kufungia uwe umerudi ndani kabisa na pini yake ya usalama imepita. Ukishaona hivyo, panda garini, miguu ya tela bado ikigusa ardhi, shika breki za tela kwa kile kidhibiti cha mkono, tia gia, vuta taratibu. Pikapu ikigoma kwenda, limeshika. Ndipo ukunje miguu. Ukifanya kinyume, ukakunja kwanza, tela likichomoka linaangukia kuta za bodi yako.

Niletee namba ya stika na vipimo viwili vya futi kamba. Kisha tuzungumze kiungio.

MamaWaWatatu (Boise, Idaho)

Jambo wote. Mimi natoka Bukavu, niko Boise na watoto watatu, na karavani yetu navuta mimi mwenyewe, mume wangu hapendi kuendesha. Nataka kusema juu ya kiungio cha kuteleza, sababu nilikuwa na kile cha mkono na kilinifundisha kwa gharama.

Kile cha mkono kinafanya kazi hivi: safarini kinakaa mbele na kimefungwa. Ukifika mahali pa kona kali unasimama, unashuka, unavuta mkono wake, unarudi ndani, unashika breki za tela, unasogeza pikapu mbele taratibu mpaka kiungio kiteleze nyuma na kujifunga. Halafu unaweza kukata kona. Ukimaliza unakirudisha mbele kwa njia ile ile, ila sasa pikapu unairudisha nyuma, sababu kikiwa nyuma uzito unakaa nyuma ya ekseli na si vizuri kwenda nao barabara kuu.

Siku ile nilifika kambini saa tatu usiku, mvua inanyesha, mtoto mdogo analia, nyuma yangu gari mbili zinangoja nipite. Nikasema kona hii ndogo, sitashuka. Nikarudi nyuma. Nilikuwa naangalia kioo cha kushoto, na pembe ya tela ilikuwa inakuja kulia. Kioo cha nyuma cha kabini kilipasuka chote na vipande vikamwangukia binti yangu kwenye nywele. Alikuwa salama, Mungu asifiwe, lakini tulitoa vioo kwenye misuko yake mpaka saa sita usiku.

Baada ya hapo niliuza kile, nikanunua kinachoteleza chenyewe, SuperGlide ya PullRite. Tela likianza kugeuka, chenyewe kinarudi nyuma. Ukinyoosha, kinarudi mbele. Hakuna mkono wa kuvuta. Kina bamba maalumu linalofungwa kwenye pua ya tela ili sahani na pua zigeuke pamoja, kwa hiyo huwezi kuazima tela la mtu mwingine ukaunganisha hivi hivi. Ni kizito na ni ghali. Mimi sijutii hata senti moja.

Kama bodi yako ni fupi na watoto wanakaa kiti cha nyuma, usinunue cha mkono. Siku moja utakuwa umechoka.

MtotoWaPangani

Shikamoo mzee Tingo. Dada wa Boise, asante sana, nimemsomea mke wangu habari ya binti yako akanyamaza muda mrefu.

Nimefanya kama mlivyoniambia. Kutoka katikati ya matundu hadi kabini ni inchi 44. Tela lina upana wa inchi 100, nusu ni 50. Kwa hiyo kona kali lazima linigonge, isipokuwa kiungio kirudi nyuma zaidi ya inchi 6.

Stika inasema pauni 2,212.

Tumejipima sote nyumbani. Mimi 205, mke wangu 160, kijana 70, binti 45. Jumla 480. Spana, jeki, sanduku la barafu na vitu vya watoto nimeweka 150. Kiungio nimeweka 150. Zimeshakwenda 780, imebaki 1,432. Na tela litaniwekea 2,460. Nimezidi kwa pauni 1,028. Nimerudia hesabu mara nne jikoni, mke wangu akairudia na yeye. Hata kwa ile 1,780 ya tela tupu, bado nimezidi. Nikichukua ile nyepesi ya bwana Abuu naokoa kama pauni 115 tu, haifui dafu.

Muuzaji nilipompelekea hesabu hii alisema kila mtu anavuta hivi, na kwamba fundi wao atanifungia mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma "iongeze uwezo". Mzee, hilo lina ukweli? Na leseni yangu ya kawaida inaruhusu?

TingoWaTunduma

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, wengi hawafiki hapo.

Mifuko ya hewa inainua matako ya gari yasishuke. Gari linasimama sawa, taa zinamulika barabara badala ya miti. Ni kitu kizuri kwa kazi hiyo. Lakini stika ya mlangoni inabaki 2,212. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile, chasisi ni ile ile. Aliyekwambia inaongeza uwezo amekuuzia utulivu wa macho.

Dar tulikuwa tunaogopa mizani ya Kibaha. Ukizidisha unajulikana na unalipa. Hapa karavani ya familia mara nyingi hakuna anayeisimamisha. Utapita na pauni 1,000 za ziada mwaka mzima na hakuna atakayekuuliza, mpaka siku tairi ya nyuma ipasuke kwenye joto la Texas, au mteremko uwe mrefu kuliko breki. Kwa hiyo mizani lazima uitafute mwenyewe. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya CAT, yenye mabamba yanayopima ekseli ya mbele, ya nyuma na za tela kila moja peke yake. Unapima pikapu na familia bila tela, kisha unapima tena ukiwa na tela. Jumlisha ekseli mbili za pikapu kila mara; tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo uzito halisi wa kingipini.

Leseni: kwa Texas, ukijumlisha vikomo vya pikapu na tela ukabaki chini ya pauni 26,001, leseni yako ya kawaida inatosha. Wewe uko 22,000 na ushei.

Una njia mbili za haki. Ubaki na pikapu uchukue tela dogo: hiyo 1,432 gawanya kwa asilimia 20, unapata tela la pauni 7,160 likiwa limejaa, na kwa watu wanne wa kuishi humo mwaka mzima ni dogo. Au ubadilishe pikapu. Ukibadilisha, tafuta F-350 au mwenzake wa tani moja, na usiogope injini ya petroli. Ni nyepesi kuliko dizeli na uzito huo unarudi kwako kwenye stika. Tafuta bodi ndefu ya futi 8. Ukiipata hiyo, habari yote ya kuteleza inaisha. Unanunua kiungio cha kawaida kisichosogea, chepesi, chenye vipande vichache vya kuharibika.

Omba picha ya stika kabla ya kwenda kuona gari. Asiyetaka kukutumia picha ya stika, usimfuate.

AbuuWaKisauni

Naongezea moja tu. Ukishapata gari, angalia pia nafasi kati ya kuta za bodi na tumbo la pua ya tela. Iwe inchi 6 hivi likiwa limesimama sawa. Pikapu hizi mpya zimepanda juu sana, na ukipita kwenye tuta au lango la kituo cha mafuta, tela linainama linakula kuta. Kiungio kiwe na matundu ya kupandisha na kushusha. Tela lenyewe lisimame sawa na ardhi; likiinua pua, ekseli yake ya nyuma inabeba uzito mwingi zaidi.

MtotoWaPangani

Ndugu zangu, ni wiki ya nne sasa, nimerudi kutoa ripoti kama nilivyoahidi.

Muuzaji alinirudishia arubuni siku ya nane. F-250 nimeiuza kwa hasara ya dola 2,300, imeniuma, sifichi. Nimepata F-350 ya 2017, petroli, tairi moja moja nyuma, bodi ya futi 8, ina matundu ya kiwandani. Niliwaandikia watu 14 kuwaomba picha ya stika. Sita hawakujibu. Huyu alinitumia picha ndani ya dakika kumi: pauni 3,870. Kwenye jedwali la Ford la kuvuta, kwa injini na gia zake, tela langu liko ndani ya kikomo. Nikarudi kwa tela lile lile, lilikuwa bado halijauzwa.

Kiungio ni cha kawaida kisichosogea, 16,000, cha taya mbili, kinaingia kwenye matundu. Sahani yake inainama mbele, nyuma na pembeni, na hilo nimeliona faida yake uwanjani kwetu ambako ardhi si sawa. Nimekipima: kutoka katikati hadi kabini inchi 56. Tulizungusha tela polepole kwenye maegesho matupu Jumapili asubuhi, mke wangu amesimama kulia, kijana kushoto. Lilipofika nyuzi 90 ilibaki nafasi ya kupitisha mkono.

Juzi tulipakia kila kitu tutakachoishi nacho, tukaenda kwenye mizani. Pikapu na sisi wanne bila tela: mbele 4,420, nyuma 3,480. Na tela: mbele 4,380, nyuma 5,860, ekseli za tela 9,120. Kwa hiyo kingipini kinabeba 2,340, na tela zima ni 11,460. Nimepiga hesabu, ni asilimia 20 na nukta. Mzee Tingo, ulipajuaje? Pikapu nzima ni 10,240 na kikomo chake ni 11,000. Nimebakiwa na pauni 760. Mke wangu amesema hizo asiguse mtu.

Mara ya kwanza kuunganisha nilisikia ule mlio, "kang". Ulikuwa na nguvu, ungeapa limefunga. Nikashuka na tochi. Kati ya sahani na pua palipita mwanga, unene wa kidole. Nilikuwa nimeweka tela juu mno, kingipini kimekalia taya. Nilisogea mbele, nikashusha pua ya tela kama inchi 2 hivi, nikarudi tena. Safari hii sahani iliinama kwanza, ikapokea, ndipo ikafunga. Nikamulika nikaiona taya imekumbatia shingo. Nilikaa pale chini nimepiga magoti kwa muda.

Sasa binti yangu ndiye mshika tochi. Ana miaka 6, anaingia pale nyuma vizuri kuliko mimi. Nikimuuliza "unaona mwanga?" anajibu "hapana baba", kisha na mimi nainama niangalie.

Swali moja limebaki. Sahani nimeipaka grisi, na mchanga wa hapa unaganda juu yake. Niendelee na grisi au ninunue kile kisahani cha plastiki?

TingoWaTunduma

Cha plastiki, mwanangu. Kivishe kwenye kingipini kabla ya kuunganisha, futa grisi yote kwanza, na kikague kila mkataba mpya unapoanza. Kikipasuka badilisha. Taya zenyewe uzitie mafuta kidogo, usizisahau.

Msalimie mshika tochi.

MamaWaWatatu

Mkifika Idaho mje mle ugali kwetu. Uwanja ni mkubwa, unageuza bila shida.

MtotoWaPangani

Dada, tumeandika. Jumamosi tunaanza na Lubbock, wiki 13. Kisahani cha plastiki kimeagizwa, kinafika kesho.